Pedi za kufua: tathmini ya mwaka mmoja wa matumizi, Dodoma na Bukoba

Mwezi Januari mwaka huu niliwanunulia wajukuu wangu wawili pedi za kufua, seti moja kwa kila mmoja, kwa shilingi 12,000 kila seti, katika kibanda cha kikundi cha akina mama washonaji hapa Dodoma. Kikundi hicho sitakitaja kwa jina, kwa sababu sehemu kubwa ya kasoro nitakazoeleza nimezikuta pia katika pedi za watengenezaji wengine wawili, na nisingependa wao peke yao wabebe lawama ya wote. Mjukuu mdogo, ambaye mwaka huu alikuwa darasa la saba na anaishi nami, alivunja ungo mwezi Oktoba mwaka jana. Mkubwa yuko kidato cha pili katika shule ya bweni huko Bukoba, na huja kwangu wakati wa likizo tu. Sasa ni Desemba, wote wawili wako nyumbani, na pedi zimekwisha kupita katika miezi ya kiangazi na ya masika, kwa hiyo naona ninayo haki ya kuzisema.

Ndani ya pakiti mlikuwa na pedi nne, mbili za kawaida na mbili ndefu za usiku, pamoja na kifuko kidogo cha zipu na karatasi ya maelekezo. Nilifundisha sayansi kimu kwa zaidi ya miaka 30, na kazi hiyo humwachia mtu tabia ya kutoliamini vazi mpaka aligeuze ndani nje, kwa hiyo nilinunua pedi moja ya ziada kwa ajili ya kuifumua. Juu kuna kitambaa laini cha pamba, nacho ndicho kinachogusa mwili. Katikati kuna matabaka matatu ya kitambaa cha taulo. Chini kuna kitambaa chepesi kilichopakwa plastiki upande mmoja ili unyevu usipite. Na pembeni yako mabawa mawili yanayokunjwa kupita chini ya chupi na kufungwa kwa kifungo cha kubana. Ukingo wote umepigwa ovaloki kwa mkono usio na haraka. Hata hivyo, kasoro moja niliiona kabla pedi haijavaliwa na mtu: mshono wa katikati, uliopigwa ili matabaka yasihame, ulikuwa umetoboa mpaka kitambaa cha chini. Kila tundu la sindano katika kitambaa kisichopitisha maji ni mlango, na uzi wa pamba uliopita katika tundu hilo hufanya kazi ile ile ya utambi wa taa.

Ili nisiwaonee, niliifanyia pedi nzima jaribio la jikoni. Nilinunua bomba la sindano la mililita 10 katika duka la dawa, nikatia rangi ya chakula katika maji, nikawa nayadondoshea pedi polepole huku chini yake kuna karatasi nyeupe. Pedi ya kawaida ilimeza takriban mililita 30 kabla ya ukingo kulowa, lakini doa la kwanza kwenye karatasi lilitokea mapema zaidi, nalo lilitokea chini ya mshono wa katikati hasa. Maji si damu, na meza yangu si msichana aliye kwenye mchakamchaka, kwa hiyo vipimo hivi visichukuliwe kuwa vya maabara. Hata hivyo, hedhi ya kawaida hutoa jumla ya mililita 30 hadi 80 kwa siku zake zote, na hapo mtu anaona kwamba uwezo wa pedi kunyonya si jambo la kuhofia. Pedi hii ikivujisha, sababu itafutwe mahali pengine.

Na ilivujisha. Wiki ya kwanza ya Februari mdogo alirudi kutoka shuleni sweta amelifunga kiunoni, katika jua la Dodoma la saa tisa alasiri, na mtu hahitaji kuuliza maana ya sweta kiunoni saa hiyo. Tulipokaa na kuchunguza, tuligundua kwamba pedi ilikuwa imelowa upande mmoja tu na upande wa pili ulikuwa mkavu kabisa: ilikuwa imehama. Pedi ya kutupa ina gundi mgongoni, nayo hushikilia hata chupi iliyochoka. Pedi ya kufua inategemea mabawa na kifungo, na hukaa mahali pake iwapo tu chupi yenyewe imebana vizuri na mpira wake haujalegea. Mtoto alikuwa na chupi nne, tatu kati yake zikiwa zimerithiwa kwa dada yake. Nilinunua tano mpya, za pamba, za kipimo chake, na tangu hapo sweta limebaki mabegani. Nalisema hili kwa urefu kwa sababu halimo kabisa katika karatasi ya maelekezo wala katika maneno ya muuzaji, ingawa naamini ndiyo sababu ya kwanza inayowafanya wasichana wengi waijaribu pedi ya kufua mwezi mmoja na kuiacha. Watu wenye moyo mwema hununua pedi za kugawa shuleni kwa mamia, lakini sijaona wanaokumbuka kwamba pedi huvaliwa juu ya kitu kingine.

Kuhusu kufua, karatasi inasema tu kwamba pedi ifuliwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha ianikwe juani. Mwalimu wa sayansi kimu hawezi kuipitisha sentensi hiyo. Damu hutolewa kwa maji baridi, yenye chumvi kidogo ikiwezekana, na pedi ilowekwe mapema kabla damu haijakauka, kwa sababu joto huigandisha protini ya damu ndani ya nyuzi, na doa likishashika hivyo halitoki tena. Baada ya maji ya kwanza kuwa safi ndipo hufuatia sabuni ya mche, kusuguliwa kwa mkono, na kusuuzwa mpaka povu liishe, maana sabuni iliyobaki katika kitambaa huwasha ngozi. Dawa ya kuondoa madoa hula kile kitambaa cha plastiki, pasi hukiyeyusha, na ile dawa ya kulainishia nguo huacha utelezi juu ya nyuzi, kisha pedi ikawa haimezi kitu. Haya yote yangeweza kuandikwa katika mistari sita. Karatasi yao ina mistari 20, na zaidi ya nusu inamsifu msichana kwa kuwa na ndoto kubwa.

Nilipima pia maji. Kuloweka, kufua na kusuuza pedi tatu, ambazo ni za siku moja kwa mdogo, huchukua takriban lita 12, yaani zaidi ya nusu ya dumu la lita 20. Mtaani kwetu maji hutoka kwa zamu, siku tatu kwa wiki, na siku nyingine tunatumia tuliyoyahifadhi. Kwa hiyo katika siku tano za hedhi ya mtoto mmoja, matumizi hayo yanaonekana wazi kwenye pipa. Kwetu tunayamudu. Sina hakika kwamba nyumba yenye wasichana watatu inayonunua maji ya mkokoteni ingeyamudu, na ikibanwa kitakachopunguzwa ni kule kusuuza kwa mwisho.

Kukausha, kwa upande wa Dodoma, hakuna la kulalamikia. Kiangazi cha hapa ni kikali, na pedi ikianikwa saa nne asubuhi hukauka kabla ya saa saba mchana, hata ile ndefu ya usiku. Mdogo huanika kwenye kamba ya uani pamoja na nguo nyingine, bila kuficha, kwa sababu nilimwambia tangu siku ya kwanza kwamba jua ni sehemu ya ufuaji, na kitambaa kinachokaukia kivulini chini ya nguo nyingine hubaki na unyevu unaoleta harufu na fangasi. Mjomba wake alipokuja kututembelea mwezi Julai aliiona kamba, akaangalia pembeni, akauliza habari za mahindi. Imekuwa hivyo tu, na hakuna aliyekufa.

Bukoba ni habari nyingine kabisa. Huko mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na Aprili huishinda miezi yote. Mjukuu mkubwa aliondoka na pedi nne katika sanduku la chuma, na aliporudi likizo ya Juni nilimwonyesha karatasi ya maelekezo ili tuilinganishe na mambo aliyoyapitia. Aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia, akasema: “Bibi, aliyeandika hii hajawahi kulala bweni.” Kisha akanieleza. Kulikuwa na kamba za nguo mbele ya bweni, kwenye njia ya kuelekea bwalo la chakula, ambayo wavulana pia huipita, na hakuna msichana aliyekuwa tayari kuanika pedi pale. Waliokuwa nazo walizifunga kwenye chuma cha kitanda upande wa ukutani, au walizianika nje zikiwa zimefunikwa kwa kanga, na katika hewa ile yenye unyevu pedi moja ilihitaji siku mbili, wakati mwingine tatu, kukauka. Hesabu yake ni rahisi: anayebadilisha mara tatu kwa siku, akiwa na pedi nne zinazokauka kwa siku mbili, siku ya pili jioni hana pedi kavu. Alivaa yenye unyevu. Aliwashwa kwa wiki nzima, akaenda kwa muuguzi wa shule, akapewa dawa ya kupaka, na mwezi wa Mei akarudia pedi za kutupa.

Hapa niseme jambo langu binafsi. Sisi tulipovunja ungo hapakuwa na pedi za aina yoyote karibu nasi. Somo yangu, yaani mwanamke aliyenifunda, alinichania kanga kuukuu vipande sita, akanifundisha kuvikunja na kuvifunga kwa uzi kiunoni, na kitambaa hicho kilikuwa na jina lake la heshima, sodo, ambalo leo wengine hulitumia kwa hizi za dukani. Alinifundisha pia kwamba hakuna jicho linalotakiwa kukiona kikikauka. Kwa hiyo vilikaukia chini ya godoro, na ile harufu ya kitambaa kilichokauka nusu naikumbuka mpaka leo kuliko hata maumivu ya tumbo. Mjukuu aliponieleza habari za chuma cha kitanda, niliisikia tena puani. Pedi ya kufua ni bora kuliko kanga yangu kwa kila kipimo cha fundi, kwa mkato, kwa mshono na kwa kitambaa. Lakini ikipelekwa mahali ambapo haiwezi kuona jua, inageuka kuwa kanga ile ile.

Muhula wa pili ulikuwa afadhali, kwa sababu mbili. Kwanza, nilimwongezea seti ya pili, akawa na pedi nane, na mdogo pia nikamwongezea. Pili, matroni wa shule aliwaruhusu wasichana wafunge kamba nyuma ya bweni, chini ya bati angavu, mahali ambapo mvua haifiki na mwanga unaingia; pedi zikawa zinakauka kwa siku moja na ziada kidogo. Matroni huyo alikuwa na sababu zake pia, kwa kuwa pedi za kutupa zilizokuwa zikitumbukizwa katika vyoo vya shimo hazikuoza, zina plastiki na ule unga unaovimba ukishika maji, na mashimo yalikuwa yanajaa kabla ya wakati. Sasa mkubwa hutumia za kufua katika miezi mikavu na hubaki na pakiti mbili za kutupa kwa wiki za mvua kubwa.

Mdogo naye alinipa somo lake mwezi Septemba. Siku zake ziliangukia katika siku mbili za mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na asubuhi ile, akiwa na pedi nane safi kabatini, aliniomba shilingi 2,000 akanunue pakiti ya kutupa. Sikumkatalia, ila jioni nilimuuliza sababu. Alisema kwamba siku ya mtihani hakuna aliyejua ataruhusiwa kwenda chooni saa ngapi, na kwamba hakutaka kukaa na kifuko chenye pedi iliyotumika huku begi lake likiwa limekusanywa mbele ya darasa. Nadhani alihukumu vizuri. Kifuko chenyewe, kwa haki, ndicho kitu kilichoshonwa vizuri kuliko vyote katika pakiti: bitana haipitishi maji wala harufu, zipu haijakwama mara moja katika mwaka mzima, na ukikitazama kwa nje utadhani ni cha kalamu. Kasoro yake ni kwamba kiko kimoja, na msichana anayekaa nje ya nyumba kutwa nzima anahitaji viwili, kimoja cha safi na kimoja cha zilizotumika.

Kuhusu uimara, vitambaa vimevumilia. Taulo za ndani hazijajikunja, rangi ya juu imefifia kidogo tu, na ni pedi moja kati ya 16 ambayo kitambaa chake cha plastiki kimepasuka, nayo iliwahi kutiwa maji ya moto huko bwenini. Vifungo vya kubana ndivyo vilivyoniudhi. Vile vya mdogo, vinne kati ya vinane vya seti zote mbili, vilianza kushika kutu au kulegea kabla ya miezi sita, na kutu ikishaingia katika pamba nyeupe haitoki. Nimeving'oa na kuweka kifungo bapa cha shati upande mmoja na kushona tundu la kifungo upande wa pili. Kazi hiyo inachukua dakika kumi kwa pedi moja, haidhuru ngozi, na kifungo cha plastiki hakijui kutu.

Bei inahitaji hesabu ya uaminifu. Dukani kwetu pakiti ya pedi nane za kutupa ni shilingi 2,000, na mdogo humaliza pakiti mbili kwa mwezi, yaani shilingi 48,000 kwa mwaka. Seti mbili za kufua ni shilingi 24,000, kwa hiyo fedha ilirudi katika mwezi wa sita, kabla ya kuhesabu sabuni, maji na zile chupi tano. Ukiziongeza hizo, faida ya mwaka wa kwanza ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Faida halisi itakuwa mwaka wa pili, iwapo pedi zitafika huko, na kwa ninavyoziona zitafika. Za kutupa zingeweza kuwa nafuu zaidi: katika mwaka wa fedha 2018/19 serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, lakini mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba wafanyabiashara hawakuishusha bei. Wenzetu wa Kenya waliiondoa tangu mwaka 2004, na mwaka 2017 walipitisha sheria inayoitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma taulo bila malipo. Mimi niliona ajabu wakati ule, na bado naona ajabu, kwamba kosa la mwenye duka liliadhibiwa kwa mfuko wa mnunuzi.

Kuna kitu kingine ambacho karatasi ya maelekezo ingepaswa kukibeba, kwa kuwa kwa wasichana wengi ndiyo maandishi ya kwanza ya hedhi wanayopewa mikononi. Haisemi kwamba pedi ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita hata kama haijajaa. Haisemi kwamba katika miaka miwili mitatu ya mwanzo mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida. Mdogo alikaa siku 52 kati ya Februari na Aprili bila kuona siku zake, na kabla hajaniambia alikuwa amekwisha kulia usiku mbili. Haisemi pia ni lini msichana apelekwe zahanati: damu inapozidi siku saba, pedi inapojaa ndani ya saa moja au mbili, au miezi mitatu inapopita bila kitu. Kikombe cha hedhi, ambacho muuzaji alinishauri nikifikirie kwa mkubwa, sikukinunua. Ni chombo salama kinachodumu kwa miaka, lakini kinatakiwa kuchemshwa kati ya hedhi moja na nyingine, na bweni lile halina jiko ambalo msichana anaweza kuliomba kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo, kwa nyumba ya Dodoma yenye pipa la maji na kamba ya uani, pedi hizi nazipa alama saba kati ya kumi. Kwa bweni la Bukoba kabla ya kamba ya matroni nazipa tatu, na baada yake sita. Muuzaji anapomwambia mzazi kwamba pedi nne zinatosha kwa mwaka, anakuwa amehesabu pedi na kusahau mvua, nami ningewashauri wauze nane, au wasiandike idadi kabisa.

Mwezi Agosti nilirudi kibandani nikiwa na ile pedi niliyoifumua. Mama aliyekuwa zamu aliigeuza, akaupitisha mshono wa katikati kwenye kidole kwa muda, akasema, “Mwalimu, hili tumekuwa tukilifanya kwa mazoea.” Pedi nilizoziona kwake wiki iliyopita zimeshonwa matabaka ya juu kwanza, ndipo kitambaa cha plastiki kikaunganishwa ukingoni peke yake. Za mkubwa nimeagiza nne za namna hiyo kwa ajili ya Januari, zenye vifungo vya shati, pamoja na kifuko cha pili. Mdogo ameniomba nisimwagizie. Amekaa kwenye cherehani yangu tangu juzi akipima taulo kuukuu juu ya karatasi ya gazeti, na mabawa ya kwanza aliyoyakata yamekuwa mafupi mno, kwa hiyo leo anakata mengine.